Filta Haipimwi kwa Kamba

Watu wengi wa Usagara huamshwa na jogoo. Kwa Luhaga walikuwa wakiamshwa na madumu. Jua likiwa bado halijatoka, Modesta, mke wa Luhaga, alikuwa ameshakamua ng'ombe, ameshachuja maziwa kwa kitambaa cheupe, na anapokea maziwa ya majirani. Madumu yaligongana uani, ko, ko, ko. Kama ulikuwa bado kitandani, basi ulijua usingizi wako umeshauzwa.

Aliyekuwa bado kitandani kila siku ni Mihayo, mtoto wao wa kiume.

"Mihayo," mama yake aliita, "Bernadeta akija kuishi hapa atakukuta umelala?"

"Akija, sitalala," Mihayo alijibu kutoka ndani.

"Basi anza mazoezi leo."

Bernadeta alikuwa msichana wa kijiji cha Fela. Yeye na Mihayo walishapatana. Wazazi wa pande zote mbili walishakubali. Kilichobaki ni ng'ombe wa mahari. Na ng'ombe wenyewe, kama unataka kujua, walikuwa wamegeuka gari.

Mambo yalikwenda hivi. Ng'washi, dada yake Mihayo, alipoolewa, wakwe walileta ng'ombe. Kwa desturi ya kwao, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Lakini wakati ule milango ya biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanaingia nchini kila siku. Luhaga akawauza wale ng'ombe, akanunua pikapu. Alimwahidi Mihayo kwamba maziwa yatakayouzwa mjini Mwanza yatawarudisha ng'ombe wote zizini, na pembe zao.

Juu ya kioo cha mbele aliandika kwa rangi nyekundu: ZIZI.

Kwa hiyo kila mtu pale nyumbani alijua. Gari likifa, ng'ombe wamekufa. Ng'ombe wakifa, Mihayo hana harusi.

*

Siku moja Luhaga alipeleka pikapu kwa fundi Yeremia, pale njia panda. Yeremia alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kidole, akaonyesha kile kidole cheusi.

"Mzee Luhaga, hii ni oili au lami?"

"Si umwage, uweke nyingine."

"Nitamwaga. Lakini na filta nayo imechoka. Niletee filta mpya ya oili, kesho jioni nabadilisha vyote kwa pamoja."

"Filta gani?"

"Ya gari hili."

"Najua ni ya gari hili, siyo ya baiskeli. Nauliza ya namna gani."

"Wewe nenda mjini," Yeremia alisema. "Siku hizi mjini kuna kila kitu."

Na hapo ndipo tabu ilipoanzia, kwenye kila kitu.

Miaka ya nyuma, bidhaa zilipokuwa haba, dukani ulikuta filta moja ina vumbi. Ukiipata unashukuru Mungu, unaondoka haraka kabla mwenye duka hajabadili mawazo. Huulizi ni ya gari gani. Mafundi wa siku zile walikuwa na msemo wao: ikiingia, imekubali. Watu walihangaika kwa kukosa. Sasa walianza kuhangaika kwa kupata.

Luhaga alirudi nyumbani anakuna kichwa. Modesta akamcheka.

"Hilo tu, Baba Ng'washi? Watoto wako walipata vipi viatu?"

"Nilinunua mjini."

"Uliwabeba kwenda nao mjini?"

"Hapana. Ulinipa kamba."

Ni kweli. Kila mwanzo wa shule, Modesta alipima mguu wa mtoto kwa kamba ya katani, akafunga fundo. Luhaga alikwenda na kamba ile sokoni. Viatu vilivyokuja vilitosha, ukiacha mara moja ambapo fundo lilifunguka njiani na Ng'washi akavaa viatu vya askari mwaka mzima.

Basi kamba ikatafutwa. Luhaga akalala chali chini ya pikapu. Filta ya zamani ilikuwa bado imefungwa kwenye injini, kama kopo la maziwa lililoning'inizwa ubavuni. Akapima urefu wake, akafunga fundo la kwanza. Akazungusha kamba kiunoni mwa filta, akafunga fundo la pili. Alitoka chini ya gari amejaa vumbi na furaha.

"Sasa hakuna atakayenidanganya," alisema.

Msomaji, hapo tayari alikuwa ameshajidanganya mwenyewe. Lakini tumwache aende mjini.

*

Kesho yake, baada ya kugawa maziwa, Luhaga alikwenda kwenye meza za wauza spea karibu na soko. Alikuta filta nyekundu, za bluu, nyeupe, nyeusi na za rangi ya chungwa. Nyingine zina maboksi yenye picha ya simba. Nyingine hazina boksi, zimefungwa nailoni.

"Karibu, mzee," muuzaji alisema. "Gari gani?"

"Pikapu."

"Pikapu ipi?"

"Nyeupe."

Muuzaji alimtazama kidogo. "Chukua hii. Hii inaingia magari yote."

Luhaga akatoa kamba. Akapima urefu. Fundo likagota palepale. Akazungusha kiunoni. Fundo la pili likagota palepale.

"Na hii ya bluu?" aliuliza.

Akapima ya bluu. Ikalingana. Akapima nyeupe. Nayo ikalingana. Luhaga akasimama na filta tatu mikononi, zote zinalingana na kamba, na kila moja ina bei yake.

"Tofauti yake nini?"

"Hii ya bei kubwa ni orijino," muuzaji alisema. "Hii ya katikati ni orijino pia. Na hii ya bei ndogo ni orijino ya bei ndogo."

Luhaga alifikiri mpaka jasho likamtoka. Mwishoni alichagua ya bluu, yenye simba, kwa sababu ilikuwa inang'aa. Na bei yake ilikuwa ya kirafiki, tusimfiche.

Jioni Yeremia alimwaga oili nyeusi kwenye beseni, akafungua filta ya zamani, akaanza kufunga ile ya bluu. Ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, kisha ikakaza. Yeremia akaitingisha. Ikacheza kidogo.

"Mbona imekuwa ngumu mapema?" Luhaga aliuliza.

"Ni mpya," Yeremia alisema. "Kitu kipya huwa kigumu." Akaizungushia mkanda, akavuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Filta ikalia kwii, ikatulia.

"Ikiingia, imekubali," Yeremia alisema, akafuta mikono.

*

Asubuhi iliyofuata Luhaga aliwasha gari. Injini ikagonga, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayekwangua chungu. Taa nyekundu ya oili, ile ndogo yenye picha ya birika, ikawaka. Kwa kawaida ilizimika mara tu injini inaposhika. Siku hiyo iliwaka, ikawaka, Luhaga akakohoa, ikawaka, ndipo ikazimika. Kule kugonga nako kukanyamaza.

"Mmesikia?" Luhaga aliuliza.

"Ni baridi," alisema Mihayo.

"Ni betri," alisema jirani aliyeleta maziwa.

"Ni petroli ya siku hizi," alisema jirani mwingine. "Wanatia mafuta ya taa."

Modesta aliinama. Alitazama chini ya gari. Palikuwa na doa jeusi mchangani, dogo kama sahani ya chai. Akalionyesha kwa kidole cha mguu.

"Na hili ni baridi au ni betri?"

Wote wakalitazama lile doa. Lakini madumu yalikuwa yameshajaa, na maziwa hayangoji mjadala. Wakaondoka. Luhaga alishika usukani. Modesta alikaa pembeni yake. Mihayo alipanda nyuma kushikilia madumu.

Walipita Buhongwa salama. Walipita Nyegezi. Walipokaribia Butimba, ile taa nyekundu ikawaka tena. Safari hii haikuzimika. Papo hapo Mihayo akaanza kugonga paa.

"Baba, tunaacha moshi."

Luhaga hakusimama. "Mkuyuni si mbali," alimwambia mkewe. "Twende polepole, tukabidhi maziwa kwanza. Halafu tutatazama."

"Zima gari," Modesta alisema.

"Mama Ng'washi, jua linapanda. Maziwa yatachacha."

"Yachache. Maziwa yakichacha yanakuwa mtindi. Ng'ombe wa Ng'washi wakifa ndani ya hilo boneti, wanakuwa nini?"

Luhaga akavuta pembeni, akazima. Lilikuwa jambo la kwanza sahihi alilofanya wiki ile, na hata hilo aliamriwa.

Chini ya pikapu oili ilikuwa inadondoka mfululizo. Ile filta ya bluu ilikuwa imelegea, simba wake amelowa. Walingoja ipoe kidogo. Mihayo alipoigusa kuifungua, ilimwangukia mkononi yenyewe, kama embe bovu.

"Sasa?" aliuliza.

Luhaga alichomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kikavu. Akakitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Nitakwenda kwa miguu mpaka kwa Bi Moza," alisema mwishoni. "Nimwambie maziwa yake leo hayafiki. Njiani nitafikiri."

*

Bi Moza alikuwa mjane wa Mkuyuni, Mmanyema ambaye babu zake walitoka Ujiji. Kila asubuhi alichukua maziwa ya Luhaga. Luhaga alipitia mlango wa uani, akajaza sufuria, akatoka. Alifanya hivyo mwaka mzima.

Siku hiyo alifika na ile filta mkononi, oili imemtiririka mpaka kwenye viatu.

"Baba Ng'washi," Bi Moza alisema, "mimi nimezoea unaniletea maziwa meupe. Hayo meusi ni ya ng'ombe gani?"

"Ni ya pikapu, Bi Moza. Imekufa Butimba. Au haijafa. Sijui. Sijui chochote leo."

"Hebu hiyo filta." Bi Moza aliipokea, akaigeuza, akachungulia tundu la katikati. "Nani alikuuzia takataka hii?"

"Niliipima mwenyewe. Inalingana kabisa."

"Uliipimaje?"

Luhaga akatoa kamba mfukoni. Akaeleza fundo la kwanza na fundo la pili. Bi Moza alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kinu cha kutwangia, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Na Mihayo naye," alisema alipopata pumzi, "mchumba wake mlimpima kwa kamba? Urefu sawa, kiuno sawa, haya, twende kanisani?"

"Bi Moza, nina matatizo."

"Unayo. Njoo huku."

Akafungua mlango wa pili, ule wa mbele. Luhaga akaingia, akasimama mdomo wazi. Kilikuwa chumba kizima cha spea. Rafu tatu zilijaa filta za oili, kila moja na kibandiko chake.

"Hili duka ni la nani?"

"La kwangu. Tulilianza na marehemu mume wangu. Limetazamana na barabara miaka yote hii. Wewe unakuja na mlango wa uani, utaliona wapi?"

Luhaga alikaa kwenye boksi. Mwaka mzima alikuwa analeta maziwa kwenye mgongo wa duka la filta.

Bi Moza aliweka mezani kipande cha chuma chenye nyuzi, yaani ile mikunjo inayozunguka kama ya skrubu.

"Injini yako ina kibomba kama hiki. Filta huzungushwa hapo. Chukua hiyo ya simba, izungushe kwa vidole."

Luhaga akazungusha. Mara moja, mara mbili, ikakaza. Akaitingisha. Ikacheza.

"Sasa hii." Bi Moza alimpa nyingine, nyeupe. Luhaga akaizungusha kwa vidole viwili tu. Ikateremka laini mpaka chini, ikakaa.

"Lakini kwa nje ziko sawa," Luhaga alisema.

"Kwa nje. Nyuzi zake zinakaribia kufanana, lakini hazilingani. Fundi akilazimisha, zinashika kwa meno mawili matatu tu. Inaonekana imefungwa. Ikipata joto na mtikisiko wa barabara ya Usagara, inaachia. Kinachokosesha watu usingizi ni ile 'ikiingia, imekubali.' Haikukubali hiyo. Ililazimishwa."

"Kwa hiyo nipime nyuzi."

"Nyuzi kwanza. Halafu huu mpira wa mdomoni." Aligusa duara la mpira mweusi. "Ukiwa mwembamba au mpana kuliko kikalio chake kwenye injini, oili inavuja pembeni hata kama nyuzi ni sawa. Halafu urefu. Urefu nao una maana, ikiwa ndefu mno inagonga vyuma vya chini. Lakini wewe ulianza na urefu, ukamalizia na urefu."

"Na kule kugonga kwa asubuhi? Taa ilichelewa kuzimika."

Bi Moza alichukua msumeno wa chuma. Akaibana ile filta ya simba, akaikata katikati. Kisha akakata na nyingine ya zamani, iliyotoka kwenye gari la mteja, lakini ya aina nzuri. Akaziweka wazi upande kwa upande.

Ndani ya ile nzuri karatasi ilikunjwa mikunjo mingi, imebanana, imegandishwa kwa gundi juu na chini. Ndani ya ile ya simba mikunjo ilikuwa michache, imelala ovyo. Upande mmoja karatasi ilikuwa imeachana na bati.

"Modesta anachuja maziwa kwa kitu gani?" Bi Moza aliuliza.

"Kwa kitambaa."

"Kikiwa na tundu?"

"Haina maana kuchuja."

"Basi hii ina tundu. Oili inapita na mchanga wake na vumbi la chuma, vinakwenda kusaga injini. Na hapa pana kingine." Alivuta kipande cha mpira laini kutoka ndani ya ile nzuri. "Hiki ni kilango. Ukizima gari, kinazuia oili isishuke yote chini. Asubuhi injini ikiamka, inakuta oili iko mlangoni. Tafuta kwenye ya kwako."

Luhaga akatafuta. Akapata kipande cha mpira mgumu, kimepasuka kama kisigino.

"Kwa hiyo injini yangu iliamka haina oili."

"Iliamka na kiu. Ndiyo maana ilikuwa inapiga kelele. Ile taa inapochelewa kuzimika, gari linakuita. Si baridi, si betri."

"Ulijuaje kama tulisema betri?"

"Kila mtu husema betri."

Luhaga alifikicha macho. "Bi Moza, mimi nimezidi kuchanganyikiwa. Zimo rangi, zimo bei, zimo nyuzi, vimo vilango ambavyo havionekani. Mtu atakataje filta katikati ndipo anunue?"

"Hakati. Unanunua kwa swali, siyo kwa jicho. Nikuulize mimi: injini yako ni aina gani?"

"Ya petroli."

"Herufi zake?"

Luhaga akataja namba za kibao cha gari.

"Hizo ni za polisi," Bi Moza alisema. "Injini ina jina lake, herufi na namba, limeandikwa kwenye kibati ndani ya boneti. Filta inanunuliwa kwa jina hilo. Au unaleta filta ya zamani yenyewe, siyo kamba. Ya zamani iko wapi?"

"Kwa Yeremia. Nadhani amezuilia mlango wa gereji."

Bi Moza akavaa viatu. Akatia kikapuni filta tatu, galoni ya oili na kitambaa kikavu. "Twende Butimba. Nikingoja unieleze injini yako, jua litazama."

*

Walimkuta Modesta amezungukwa na watu. Alikuwa amefungua madumu mawili, anauza maziwa kwa kikombe kwa wapita njia. Dumu la tatu alilitenga kivulini, ligande liwe mtindi. Mihayo alikuwa anarudisha chenji.

"Shikamoo, Bi Moza," Mihayo alisema.

"Marahaba, bwana harusi mtarajiwa. Fungua boneti."

Mihayo akafuta vumbi kwenye kibati. Bi Moza akasoma herufi za injini, akatoa filta moja kikapuni, akarudisha mbili.

"Kwa nini tusiweke hii kubwa?" Mihayo aliuliza. "Kubwa si inachuja zaidi?"

"Viatu vya baba yako ni vikubwa kuliko vyako. Vivae, ukimbie."

Kwanza alimwambia apitishe kidole kwenye kibomba cha injini. Mihayo akalala chini, akapitisha. Kama nyuzi za injini zimelika, kazi itakuwa kubwa sana.

"Laini," Mihayo alisema. "Nasikia mikunjo yote."

"Mshukuruni mama yenu aliyesema zima. Zimelika za filta, za injini zimepona. Sasa futa kikalio. Angalia kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda pale. Mipira miwili ikikaliana, inavuja."

"Hakuna."

"Paka mpira mpya oili kwa kidole. Zungusha kwa mkono. Ukianza kukaza mapema, simama, fungua, anza upya. Usilazimishe."

Filta ikazunguka kwa ulaini. Luhaga aliinama kuitazama kama mtu anayetazama mtoto akitembea mara ya kwanza.

"Imegusa," Mihayo alisema.

"Ongeza kidogo, kama robo tatu ya mzunguko, kwa mkono. Basi. Mkanda wa fundi ni wa kufungulia, siyo wa kufungia."

Wakamimina oili, wakapima kwa kijiti mpaka ikafika alama ya juu. Luhaga akaketi kwenye usukani. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Unangoja nini?" Modesta aliuliza.

"Nawaza ng'ombe."

"Waulize kama wapo."

Akawasha. Injini ikagonga kidogo, ka-ka, taa nyekundu ikawaka, Luhaga akafumba macho. Alipofumbua, taa ilikuwa imezimika. Injini ilikuwa inanguruma kwa upole. Mihayo alichungulia chini muda mrefu. Hapakudondoka tone.

"Zima, ngoja kidogo, pima oili tena," Bi Moza alisema. "Filta nayo imekunywa ya kwake." Wakapima, wakaongeza.

Kabla hawajaondoka alimshika Luhaga mkono. "Na ile oili chafu, mwambie Yeremia asiimwage mtaroni. Maji yote ya huku yanaishia ziwani, na sangara mnawala nyinyi. Aikusanye kwenye pipa."

*

Baada ya siku ile, Yeremia alipigilia msumari ukutani kwa kila mteja. Kila filta ya zamani inayofunguliwa hutundikwa pale, na mteja haruhusiwi kwenda mjini bila kuichukua. Kando ya kila msumari ameandika herufi za injini kwa chaki. Ule msemo wake wa zamani hausemi tena. Akijisahau akausema, kuna mtu anamwuliza habari za simba.

Luhaga naye hupitia mlango wa mbele sasa. Kila akimwaga oili, anabadilisha na filta. Kila asubuhi, akiwasha gari, nyumba nzima hunyamaza kidogo. Taa inazimika, ndipo watu wanaanza tena kuongea.

Pamba ya mwaka ule ilipokwisha kuvunwa, ng'ombe walianza kurudi zizini, mmoja mmoja, kwa maziwa ya Zizi. Wakatimia. Wakaswagwa kwenda Fela, Mihayo akiwa nyuma yao, ameamka kabla ya madumu.

Siku chache kabla ya harusi, Modesta alikwenda kumwona Bernadeta. Alimwomba anyooshe mguu. Akatoa ile kamba ya katani, ina doa la oili, akafungua mafundo yote mawili ya zamani. Akapima kutoka kisigino mpaka kidole gumba, akafunga fundo jipya.

Jioni alimkabidhi Luhaga.

"Viatu vyeupe," alisema. "Vya harusi. Na usiwaambie unataka vya msichana mweupe."

Luhaga aliitazama kamba mkononi mwake, akaanza kuwa na wasiwasi.

"Ndani ya viatu hakuna nyuzi?"

"Hakuna."

"Wala kilango?"

"Nenda, Baba Ng'washi. Kwa mguu, kamba inatosha."